Gari la mtandaoni: mwenye yadi ameondoka, hatari imebaki kwa nani?

Soko la magari la Dar es Salaam na Mombasa lina lugha yake. Gari "jipya" si lazima liwe limetoka kiwandani. Ni gari ambalo halijapata kupewa namba ya usajili nchini. Linaweza kuwa limezunguka mitaa ya Nagoya kwa miaka kumi, likashuka melini juzi, na leo likatangazwa kuwa ni jipya, na hakuna anayeshtuka. Gari la kiwandani hasa, lenye harufu ya kiwandani, ni la mashirika, wizara na wachache wenye uwezo.

Gari jipya la aina hii ndilo ambalo sasa mtu wa kipato cha kati hulinunua bila kukanyaga yadi. Anafungua simu, anapitia picha, anazungumza na dalali aliye Japan au wakala wake aliye mjini, anatuma fedha benki, anasubiri meli. Kinachowasukuma wengi ni hoja nyepesi: mwenye yadi ni mtu wa kati, basi arukwe, na faida yake ibaki mfukoni mwa mnunuzi.

Hoja hiyo ina ukweli nusu. Faida ya mwenye yadi haikuwa bakshishi. Ilikuwa malipo ya kubeba hatari ya gari bovu, hatari ya dola kupanda, hatari ya kukwama bandarini na hatari ya fedha kulala miezi mitatu bila kuzaa. Anayemruka mwenye yadi anazichukua hatari hizo zote, na wengi wanazichukua bila kuzihesabu. Kwa hiyo swali la mfanyabiashara na mwekezaji mdogo si kama mtandaoni ni rahisi zaidi. Swali ni kama tofauti ya bei inatosha kulipia mzigo anaojitwisha.

Yafaa kwanza kuelewa kwa nini magari haya yapo. Japan ina ukaguzi wa lazima wa magari uitwao shaken. Gari dogo la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3 ya kwanza, kisha kila baada ya miaka 2, na kila ukaguzi huambatana na kodi ya uzito na bima ya lazima. Gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake huongezwa. Mjapani hufanya hesabu na kuona ni nafuu kuliuza gari ambalo bado linatembea vizuri. Gari hilo huenda mnadani, na minada hiyo, ambayo kundi la USS ndilo kubwa kuliko yote, huuza kwa wanachama tu. Mtu wa Mwanza au Nakuru hawezi kuingia na kupandisha bei. Hapo ndipo dalali anapopata riziki yake.

Madalali hao ni wa namna mbili, na tofauti yao ina maana kubwa kwa mfuko wa mnunuzi. Wapo wanaonunua mnadani kwa fedha yao, wakaliweka gari kwenye eneo lao na kulitangaza kwa bei waliyoipanga wenyewe. Hawa ndio wengi, na kampuni zinazojulikana sana Afrika Mashariki kama BE FORWARD na SBT zimekua kwa njia hiyo. Wapo pia wanaonunua mnadani kwa niaba ya mteja na kutoza ada. Kwa wa kwanza, mnunuzi hajui gari lilinunuliwa kwa kiasi gani. Kwa wa pili anaweza kujua, lakini hajui atashinda kwa bei gani mpaka nyundo igongwe. Kwa vyovyote vile, anayesema amenunua "moja kwa moja kutoka Japan" amenunua kwa mtu wa kati. Amebadilisha tu mtu wa kati mwenye yadi ya kuonekana akachukua mwenye yadi ya picha.

Wazee wa biashara hii wanakumbuka njia ya miaka ya 1990, pale mfanyabiashara wa pwani alipopanda ndege kwenda Dubai au Sharjah na dola zake. Ilikuwa safari ya gharama, lakini aliliwasha gari, akasikiliza injini, akainama kutazama chini kama kuna kutu, na kama hakuridhika alihamia kwa muuzaji wa pili kabla ya adhuhuri. Fedha ilitoka mkononi baada ya jicho kuona. Mtandao umegeuza mpangilio huo. Fedha hutangulia, jicho hufuata baada ya wiki kadhaa.

Hapo ndipo biashara hii inapoachana na ile ya Marekani, ambayo mara nyingi hutolewa mfano. Auto-By-Tel ilipoanza California mwaka 1995, kazi yake ilikuwa kupokea maombi ya mnunuzi na kuyapeleka kwa muuzaji wa magari mapya mwenye mkataba na kiwanda, karibu na anapoishi mteja. Mteja alilipa na kuchukua gari kwa muuzaji huyo, mbele ya macho yake. Wanauchumi Scott Morton, Zettelmeyer na Silva-Risso walipochunguza mauzo hayo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, walikuta kuwa waliopitia njia hiyo walilipa pungufu kwa wastani wa kama asilimia 2. Asilimia 2, katika nchi ambayo mnunuzi hakubeba hatari ya bahari wala ya forodha. Anayeahidiwa nafuu kubwa zaidi ya hiyo aulize inatoka wapi, na jibu mara nyingi ni kwamba inatoka katika hatari aliyopewa yeye aibebe.

Bei ya skrini na bei ya barabarani

Mtego wa kwanza ni bei yenyewe. Matangazo mengi huonyesha kwa herufi kubwa bei ya FOB, yaani gari likiwa bandari ya Japan. Bei ya CIF, yenye bima na nauli ya meli hadi Dar es Salaam au Mombasa, huwa pembeni kwa herufi ndogo. Na CIF nayo ni kama nusu tu ya safari.

Chukua mfano wa gari la miaka 12, injini ya cc 1,500, ambalo thamani yake ya CIF kwa hesabu ya forodha ni dola 4,000. Kwa viwango vya Tanzania vya miaka ya karibuni, ushuru wa forodha ni asilimia 25, sawa na dola 1,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya ukubwa huo ni asilimia 5 ya jumla hiyo, yaani dola 250. Halafu unakuja ushuru wa uchakavu, ambao kwa gari dogo lililozidi miaka 10 ni asilimia 30, yaani dola 1,500. VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya vyote hivyo, na inafika dola 1,215. Jumla ni dola 3,965. Bado tozo ya reli, ada ya forodha, gharama za bandari, malipo ya wakala, usajili na namba. Gari la dola 4,000 linaingia barabarani likiwa limezidi dola 8,000.

Kumbuka ushuru wa uchakavu. Gari la miaka 8 hadi 10 hutozwa asilimia 15, na lisilofika miaka 8 halitozwi. Kwenye skrini gari kuukuu ndilo linaloonekana la bei poa, na ndilo linalovutia mtu mwenye fedha kidogo. Lakini mara nyingi gari la miaka 7 lenye CIF ya juu kidogo hufika barabarani kwa gharama inayokaribiana na ya lile kuukuu, tena likiwa na miaka mingine mitano ya uhai. Mnunuzi anayepanga magari kwa bei ya FOB, kuanzia la chini kwenda la juu, anaanza kutafuta mahali pasipofaa.

Kuna jambo la pili ambalo huwauma hata wazoefu. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ina mfumo wake wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika, na uko wazi kwa yeyote kuingiza aina, mwaka na ukubwa wa injini. Kenya nayo hutumia orodha ya bei za reja reja za magari hayo yakiwa mapya, kisha hupunguza kulingana na umri. Maana yake ni kwamba mtu aliyebahatika kupata gari kwa bei ya kutupa hatalipa kodi ya kutupa. Dalali anapojisifu kwamba ataandika ankara yenye bei ndogo "ili kusaidia kodi", anauza msaada usiokuwapo, na anamweka mteja katika hatari ya kuonekana mdanganyifu mbele ya forodha. Hesabu ya kodi ifanywe katika mfumo wa mamlaka kabla ya senti moja kutumwa. Ni kazi ya dakika tano, na inashangaza ni wangapi wanaifanya baada ya meli kung'oa nanga.

Karatasi ndiyo gari

Katika biashara hii mwenye karatasi ndiye mwenye mali. Gari linaweza kuwa limeegeshwa bandarini likionekana kwa macho kupitia uzio, lakini bila hati ya shehena, ile ambayo mawakala huiita B/L, na bila cheti cha kufutwa usajili Japan, ni chuma tu. Hati hizo hubaki kwa dalali mpaka alipwe hadi senti ya mwisho. Kwa upande wake ni haki, kwani hamjui mteja. Lakini msomaji aone mizani ilivyo. Mteja alishatuma malipo ya kwanza, hawezi kurudi nyuma bila kupoteza, na siku za bure za kuhifadhi gari bandarini ni chache. Zikiisha, gharama ya uhifadhi huanza kuhesabiwa kila siku, iwe kosa la kuchelewa kwa hati ni la mteja au la mtu mwingine.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza cha nani anunue mtandaoni kiwe hiki: asiyekuwa na fedha yote, ya gari na ya kodi, kabla ya kutuma malipo ya kwanza, asianze. Wapo wanaotuma nusu wakitegemea mchezo wa upatu utawafikia mwezi ujao, au mkopo wa SACCOS utapita. Meli haisubiri upatu. Kutoka Japan hadi pwani ya Afrika Mashariki ni safari ya kama mwezi mmoja au zaidi kidogo, na hati huweza kufika siku zile zile ambazo mteja bado anahangaika kutafuta dola.

Na dola yenyewe ni hatari ambayo mwenye yadi alikuwa akiibeba kimya kimya. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilinunuliwa kwa kama shilingi 160 za Kenya. Miezi miwili baadaye ilikuwa kama 130. Gari la dola 4,000 lililolipiwa Januari liligharimu shilingi 640,000 kabla ya kodi. Lile lile lililolipiwa mwishoni mwa Machi liligharimu 520,000. Mfanyabiashara aliyeingiza magari matatu Januari ili auze alikuta washindani wake wanauza kwa bei ambayo kwake ni hasara. Upande wa Tanzania mwendo ulikuwa tofauti: dola iliyokaa karibu na shilingi 2,300 kwa miaka kadhaa ilipanda hadi kufikia kama 2,700 katika mwaka 2024, na mwaka 2023 tatizo halikuwa bei tu bali kuipata. Aliyelipa malipo ya kwanza kisha akazungushwa benki akitafuta dola za kumalizia anajua maana yake.

Yeni nayo ilishuka mno, hadi kufikia kama 160 kwa dola katikati ya mwaka 2024, wakati mwanzoni mwa 2021 ilikuwa chini ya 110. Gari linalonunuliwa mnadani kwa yeni lilipaswa kuwa nafuu kwa mwenye dola. Lakini madalali hutangaza kwa dola, na si kila nafuu ya yeni iliyomfikia mteja. Ni haki ya mnunuzi kuuliza bei kwa yeni na kujadili kutoka hapo. Bei ya kwenye skrini si msahafu. Yapo magari yaliyokaa kwa dalali miezi mingi, na gari lililokaa linakula eneo. Mwenye nalo hupunguza akiombwa vizuri.

Karatasi ya mnada

Gari la mnadani Japan hukaguliwa na mtu wa mnada, si wa muuzaji, na matokeo yake huandikwa katika karatasi yenye daraja na mchoro wa bodi. Daraja la 4 au 4.5 ni gari safi, 3.5 limechoka kiasi, na herufi R au RA huashiria gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa, S ni kutu na C ni kutu iliyoanza kula bati. Kilomita pia huandikwa. Gari likifika nchini na kilomita chache kuliko zilizoandikwa mnadani, kuna mtu amezishusha njiani.

Dalali aliyenunua mnadani alikuwa na karatasi hiyo. Anayekataa kuionyesha kabla ya malipo ya kwanza ana sababu, na si kazi ya mnunuzi kumtafutia udhuru. Picha kumi na mbili zenye mwanga mzuri hazichukui nafasi ya karatasi moja iliyochafuka. Magari mengine hununuliwa nje ya mnada na hayana karatasi hiyo. Hayo yalipiwe ukaguzi wa kujitegemea kule kule kabla ya kupakiwa. Ukaguzi wa shirika la viwango usichukuliwe kuwa unatosha. Unaangalia usalama na viwango, na kwa Tanzania umewahi kufanyika Japan na umewahi kufanyika nchini gari likishafika, wakati ambapo kwa mnunuzi kugundua ubovu ni kuchelewa.

Wezi wa mtandaoni hawahitaji gari kabisa. Huunda tovuti yenye jina linalofanana na la kampuni ya kweli, hunakili picha, na hupanga bei iliyo chini kidogo ya soko, si chini mno. Wengine hungoja mazungumzo na kampuni ya kweli yafike mwisho, kisha huingilia kwa barua inayosema akaunti ya benki imebadilika. Dawa zake ni za kawaida na hazina gharama. Kila kampuni iliyosajiliwa Japan ina namba ya tarakimu 13 inayotolewa na mamlaka ya kodi ya nchi hiyo, na mtu yeyote anaweza kuitafuta tangu mwaka 2015. JUMVEA, chama cha wasafirishaji wa magari yaliyotumika, kina orodha ya wanachama wake. Akaunti ya benki iwe kwa jina la kampuni, si la mtu. Na taarifa ya kubadilika kwa akaunti ithibitishwe kwa simu, kwa namba iliyojulikana tangu mwanzo, wala si ile iliyoandikwa katika barua hiyo. Baadhi ya kampuni kubwa zina ofisi au mawakala Dar es Salaam na Mombasa. Kufika na kuuliza ni nauli ya daladala.

Nani basi anafaa kununua hivi? Anafaa mwenye fedha yote mkononi, anayetaka gari la kawaida lenye spea kila kona, IST, Passo, Premio, Probox na jamaa zake, na ambaye anaweza kukaa bila gari kwa miezi mitatu bila biashara yake kusimama. Huyo ataokoa kitu, na amekistahili. Hafai mwenye mkopo unaohesabu riba tangu siku ya kwanza, wala anayetaka gari la ajabu ambalo fundi wake hajapata kuliona. Kwa hao wawili, kuongeza fedha katika yadi, kuliendesha gari hadi kwa fundi na kuondoka nalo jioni ni ununuzi wa busara, hata kama jirani atasema wameibiwa.

Kwa mfanyabiashara mdogo anayeingiza mawili matatu ili auze, hesabu ni kali zaidi. Yeye anageuka kuwa yadi bila kuwa na mtaji wa yadi. Gari moja likikwama bandarini linakula faida ya la pili. Aanze na moja, aandike kila gharama hadi ya mlinzi na ya kuosha, na aamue kuhusu la pili baada ya kuona karatasi yake mwenyewe, si ya mwenzake anayejisifu kijiweni.

Madalali wa nje nao wana la kurekebisha. Soko hili limewalisha kwa zaidi ya miaka 20. Hakuna sababu ya mteja wa Afrika Mashariki kulipa gari zima kabla ya meli kuondoka, wakati malipo ya awamu tatu, la kwanza kwa kushika gari, la pili likipakiwa na la mwisho kwa nakala ya hati ya shehena, yangemlinda kila upande. Wanunuzi wanaoagiza kwa pamoja kupitia vyama vyao wana nguvu ya kulidai hilo, na hawajaitumia.

Wanaolenga Mombasa wana tarehe ya kuiangalia. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na mwaka unaokubalika husogea kila Januari 1. Gari lililo ukingoni likinunuliwa Novemba, na meli ikachelewa Singapore, linaweza kufika likiwa halali kwa kuendeshwa popote isipokuwa Kenya. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 magari ya miaka 15 na zaidi. Kuanzia Oktoba, bei ya magari ya ukingoni hushuka kwenye skrini kwa sababu hiyo hiyo, na anayeona punguzo hilo aangalie kwanza kalenda, kisha ratiba ya meli.